Uzi: Vifaa vya kuvunjia mawe makubwa ya figo kwa njia ya tundu dogo, tuvilinganishe kwa kipimo gani?

Mleta mada (mhandisi wa vifaa tiba)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kazi yangu ni kutunza vifaa tiba katika mojawapo ya hospitali za hapa Dar es Salaam, na muda wangu mwingi naumalizia kwenye vyumba vya upasuaji. Naomba tujadili kwa kina jambo linalozua ubishi kila linapofikishwa kwenye kikao cha manunuzi: kati ya vifaa vinavyotumika kuvunja mawe makubwa ya figo kupitia tundu dogo la mgongoni, kipi kinatufaa, na tukipime vipi kabla ya kutoa fedha.

Kwa wasioufahamu upasuaji huu, daktari huongozwa na eksirei au ultrasaundi kupitisha sindano kutoka mgongoni hadi ndani ya figo, kisha huitanua njia hiyo taratibu mpaka ipitishe ala, yaani mrija mgumu wa kupitishia vifaa, yenye upana wa takribani milimita 8 hadi 10. Ndani ya ala hiyo huingia nefroskopu, yaani kamera nyembamba yenye mfereji wa maji na mfereji wa kupitishia vifaa. Fernström na Johansson wa Sweden ndio walioeleza mwaka 1976 jinsi ya kutoa mawe kwa njia iliyotobolewa makusudi kwa kazi hiyo, na mwaka uliofuata madaktari wa Ujerumani wakaeleza walivyovunja jiwe lenye matawi kwa mitetemo ya ultrasaundi. Leo miongozo ya Ulaya na ya Marekani inaupa upasuaji huu nafasi ya kwanza kwa mawe ya figo yanayozidi sentimita 2. Jiwe la ukubwa huo halipiti kwenye ala ya sentimita 1, hivyo ni lazima livunjwe humo humo ndani.

Hoja yangu ni moja. Vipeperushi vya wauzaji hulinganisha mashine kwa kasi ya kuvunja jiwe, na mara nyingi jiwe lenyewe ni la bandia lililowekwa kwenye chombo maabara. Mgonjwa aliyelala mezani anahitaji jiwe litoke, na kuvunjika kwake ni hatua tu ya kufikia hapo. Vipande vinavyobaki vinaweza kukua upya, vinaweza kushuka na kuziba mrija wa mkojo, na kama jiwe lilitokana na maambukizi, hubaki na vijidudu vyake. Kwa hiyo kipimo cha haki ni muda unaoanzia kijiti cha mashine kinapoligusa jiwe hadi figo inapokuwa safi, pamoja na gharama ya kila mgonjwa na uwezo wetu wa kuitunza mashine hiyo hapa hapa nchini.

Nianze na mashine ya hewa. Hewa iliyoshindiliwa hurusha risasi ndogo ya chuma ndani ya mpini, risasi hugonga kitako cha kijiti kirefu, na ncha ya kijiti huligonga jiwe, mara 12 hivi kwa sekunde katika mashine nyingi. Ilibuniwa Lausanne, Uswisi, na ikaenea miaka ya 1990 kwa jina la Swiss LithoClast. Hufanya kazi kama patasi ya fundi mwashi: jiwe likiwa gumu hupasuka vipande vikubwa vyenye kingo kali. Haitoi joto la kuhofiwa, vijiti vyake ni chuma kitupu kisicho na tundu la kuziba, husafishwa na kurudiwa mara nyingi, na mashine yenyewe ina vitu vichache vya kuharibika. Katika uzoefu wangu hakuna kifaa cha kuvunjia mawe kinachovumilia mazingira yetu kuliko hiki.

Udhaifu wake unajitokeza baada ya jiwe kupasuka. Haifyonzi. Daktari hutoa kijiti, huingiza koleo, hushika kipande, hukitoa nje kupitia ala, hurudi tena. Kila kipande ni safari, na vipande vidogo husukumwa na mapigo hadi kwenye vyumba vya pembeni vya figo ambako kamera iliyonyooka haifiki. Upasuaji ulioonekana kwenda kasi katika dakika za mwanzo huanza kuburuta, na maji ya chumvi yanaendelea kuingia muda wote huo.

Mashine ya ultrasaundi hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Fuwele za kauri ndani ya mpini hutetemeshwa na umeme kati ya mara 20,000 na 27,000 kwa sekunde, na mtetemo huo husafiri kwenye kijiti chenye uwazi katikati kama mrija. Ncha inalisaga jiwe, na wakati huo huo mashine ya kufyonza inavuta unga na maji kupitia uwazi huo. Ukitazama chupa ya kufyonzea unaona maji yakigeuka rangi na mchanga wa manjano ukitulia chini. Huo mchanga ni jiwe ambalo tayari limeshatoka mwilini. Kwa mawe laini, hasa yale yanayotokana na maambukizi, ambayo huweza kujaza figo nzima kwa matawi yake, sijaona kifaa cha bei ya wastani kinachoishinda. Kwa mawe magumu ya kalsiamu oksaleti na ya sistini husaga polepole, ncha hupata joto, na maji yakikatika hata kwa muda mfupi utando wa figo unaweza kuungua. Tatizo jingine linatuhusu sisi mafundi: uwazi wa kijiti huziba. Punje moja ikikwama shingoni mwa mpini, mvuto hufa, maji hujaa kwenye figo, na daktari anabaki akibonyeza pedali bila matokeo huku muuguzi akihangaika kuzibua kwa waya.

Ndipo zikaja mashine za mchanganyiko, zinazotetemesha, kugonga na kufyonza kwa pamoja. Zipo LithoClast Master, CyberWand yenye vijiti viwili kimoja ndani ya kingine, ShockPulse-SE, na Swiss LithoClast Trilogy, ambayo ugongaji wake hutokana na sumakuumeme badala ya hewa, na yote hupitia kijiti kimoja. Ni vifaa vizuri sana. Hata hivyo naomba tusibebwe na sifa. Jaribio la vituo kadhaa lililochapishwa mwaka 2011, lililolinganisha CyberWand na mashine ya ultrasaundi ya kijiti kimoja, halikukuta tofauti ya maana katika muda wa kuondoa jiwe, ingawa maabara ilikuwa imeonyesha kijiti pacha kina kasi zaidi. Majaribio yaliyofuata, yaliyozikutanisha mashine za kisasa zenyewe kwa zenyewe, mengine nayo yamekuta tofauti ndogo. Mikono ya daktari, mahali tundu lilipotobolewa na umbo la jiwe vina uzito mkubwa kuliko nembo iliyobandikwa kwenye mashine.

Cheche za umeme ndani ya maji, mbinu iliyoanzia Umoja wa Kisovieti miaka ya 1950, naipita tu, kwa sababu nafasi kati ya kuvunja jiwe na kuumiza utando ni finyu. Leza nitaiacha kwa wanaoitumia kila siku. Msimamo wangu wa awali ni huu: hospitali inayoanza, yenye fedha za kifaa kimoja, inunue mashine ya mchanganyiko iwapo tu ina uhakika wa vijiti na vipuri kwa miaka mitano. Ikikosa uhakika huo, ichukue ya hewa, na fedha zinazobaki zinunue mashine nzuri ya kufyonza, koleo bora za kutosha na ala za kisasa. Karibuni.

Daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuuweka mjadala kwenye kipimo sahihi. Nina hoja mbili za kupingana nawe kwa heshima.

Ya kwanza ni leza. Umeipita, na kwa hospitali yenye fedha za kifaa kimoja naona ndiyo yenye hoja nzito kuliko zote. Vijiti ulivyovieleza vinahitaji njia iliyonyooka. Uzi wa leza hupinda, hivyo mashine ile ile inayovunja jiwe kupitia mgongoni Jumatatu, Jumatano inavunja jiwe kwenye mrija wa mkojo kupitia njia ya kawaida ya mkojo bila kutoboa ngozi, na leza ya holmiumu yenye nguvu ya kutosha huweza kutumika hata kwa tezi dume. Holmiumu, yenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 2,100, huvunja kila aina ya jiwe, hata sistini. Leza mpya ya uzi wa thuliamu, ya nanomita 1,940, hufyonzwa na maji takribani mara nne zaidi, hupita kwenye nyuzi nyembamba zaidi na hulisaga jiwe kuwa vumbi laini. Kuna jambo moja ambalo wewe kama mhandisi utalipenda: holmiumu ya nguvu kubwa huhitaji njia maalumu ya umeme na upoozaji wa maji, lakini ya thuliamu hupozwa kwa feni na huchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani.

Ya pili ni ukubwa wa tundu. Umezungumzia ala ya milimita 8 hadi 10, lakini siku hizi tunaweza kutumia ala nyembamba ya takribani milimita 5 hadi 7, na damu inayopotea kwa kawaida hupungua. Kwenye ala hiyo kijiti kinene cha ultrasaundi hakiingii pamoja na kamera, ila uzi wa leza unaingia bila shida, na maji yanayorudi kwa kasi kupitia ala huvuta vipande vidogo hadi nje pale kamera inaporudishwa nyuma polepole, bila koleo.

Mleta mada

Daktari, nakubaliana nawe kwamba leza ina kazi nyingi, na kwa hospitali ambayo wagonjwa wake wengi wana mawe madogo ya kwenye mrija nisingebishana hata kidogo. Kwa mawe makubwa ya sentimita 3 au 4, ambayo ndiyo mada yetu, hesabu inabadilika. Leza haina mdomo wa kufyonza. Ukiligeuza jiwe kubwa kuwa vumbi, vumbi hilo linafunika kamera, daktari anaongeza maji ili aone, na tundu likiwa jembamba maji hayo yanatoka kwa shida. Shinikizo ndani ya figo likipanda kupita takribani milimita 30 za zebaki, maji huanza kurudi kwenye mishipa ya damu yakibeba vijidudu na sumu zao, na hapo mgonjwa aliyekuwa na jiwe la maambukizi anaweza kutetemeka kwa homa kali kabla hajatoka chumba cha uangalizi. Kwa hiyo ala nyembamba na leza bila mfumo wa kufyonza, kwa jiwe kubwa lenye maambukizi, ni mchanganyiko ninaouogopa. Zipo sasa ala zenye mkono wa pembeni wa kufyonzea, na atakayenunua leza kwa kazi hii ninamsihi anunue na ala hizo katika zabuni hiyo hiyo.

Pia tuseme ukweli kuhusu joto. Sehemu kubwa ya nguvu ya leza huishia kwenye maji, na mtiririko ukiwa mdogo huku leza ikiwashwa mfululizo kwa nguvu kubwa, maji yaliyo ndani ya figo hupata joto la kudhuru seli. Hilo linadhibitika kwa kupumzisha pedali na kuhakikisha maji yanapita, ila linahitaji nidhamu ya watu wote waliomo chumbani, pamoja na yule anayebadilisha mifuko ya maji.

Kuhusu umeme, umenigusa pale ninapoumia. Mashine yoyote kati ya hizi, iwe ya thuliamu au ya ultrasaundi, ipitishiwe kidhibiti umeme na betri ya akiba. Soketi ya kawaida haizuii umeme kupanda na kushuka. Kuna hata kifaa cha mkononi, StoneBreaker, kinachogonga kwa nguvu ya kichupa kidogo cha gesi ya kaboni dioksaidi bila waya wala umeme wowote, lakini nacho kinakufunga kwenye kuagiza vichupa hivyo kila mara.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji

Naomba niongeze jambo ambalo sijaliona kwenye kipeperushi chochote, nalo ni usafishaji. Kijiti chenye uwazi kikitoka kwenye figo kikaachwa juu ya meza mpaka zamu iishe, unga wa jiwe uliochanganyika na damu hukauka ndani yake, na baada ya hapo mvuke wa mashine ya kutakasia unapika uchafu ule bila kuutoa. Kwetu kijiti kinapotolewa tu, msaidizi anasukuma maji kwa bomba la sindano kupitia uwazi wake mpaka yatoke maangavu, kisha anapitisha brashi ndefu, kisha anakitazama kwenye mwanga kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Usipoona duara la mwanga limekamilika, kijiti hicho hakijasafishika. Hospitali inayonunua mashine ya ultrasaundi au ya mchanganyiko inunue brashi zinazolingana na kila ukubwa wa kijiti, na seti mbili kamili, kwa sababu seti moja ikiwa kwenye mvuke mgonjwa wa pili hawezi kusubiri akiwa amelala usingizi wa dawa.

Vijiti vilivyoandikwa kuwa ni vya kutumika mara moja navyo vimekuwa jaribu. Kuvirudia ni kumhatarisha mgonjwa, na chuma kilichotetemeshwa kupita kiwango chake kinaweza kukatikia ndani.

Mama wa Mbagala

Samahani wataalamu, mimi si wa fani yenu, nimeusoma uzi huu kwa sababu mume wangu ameambiwa ana jiwe la sentimita 2 na nusu kwenye figo ya kushoto na atafanyiwa upasuaji huo mnaouzungumzia. Je, ni halali mimi kumuuliza daktari atatumia mashine gani? Na kuna maswali mengine ninayopaswa kuuliza nisipoteze nafasi?

Daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo

Mama yangu, ni halali kabisa, na daktari mzuri hatachukizwa. Lakini swali la mashine liweke mwisho. Kwanza uliza kama mkojo umeoteshwa maabara kutafuta vijidudu na kama matokeo yameshatoka, maana kipimo hicho kinapaswa kufanyika kabla ya upasuaji, na maambukizi yakigunduliwa yatibiwe kwanza. Pili, uliza CT scan inasemaje kuhusu ugumu wa jiwe. Ripoti huwa na namba za Hounsfield. Zikiwa zaidi ya 1,000 kwa kawaida jiwe ni gumu, zikiwa chini ya 500 huenda ni jiwe la asidi ya yuriki, ambalo mara nyingine huweza kuyeyushwa kwa dawa zinazopunguza ukali wa asidi kwenye mkojo bila upasuaji wowote. Uliza pia kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata aspirini, na mtaje kila dawa aliyonayo nyumbani, za miti shamba zikiwemo.

Baada ya hapo uliza: vipande vikibaki mtafanyaje? Jibu la swali hilo litakueleza mengi kuhusu maandalizi yao kuliko jina la mashine. Na vipande vikitoka, omba vipelekwe maabara kuchunguzwa aina yake, kwa sababu kinga ya jiwe lijalo inategemea hilo. Kwa hali ya hewa yetu ya Dar, anywe maji ya kutosha kumfanya akojoe angalau lita 2 hadi 2 na nusu kwa siku, isipokuwa kama ana tatizo la moyo au figo kushindwa kazi, ambapo daktari wake ndiye atakayempangia kiwango.

Mama wa Mbagala

Asante sana daktari, Mungu akubariki. Nimeyaandika yote kwenye daftari. Kliniki yetu ni wiki ijayo.

Mtumishi wa manunuzi

Nimefuatilia kwa makini kwa sababu mimi ndiye ninayekaa na makaratasi haya. Kwenye ununuzi wa umma haturuhusiwi kuandika zabuni inayomlenga mtengenezaji mmoja, na maombi yanayoletwa kwetu mara nyingi huwa na mstari mmoja tu: "mashine ya kuvunja mawe". Tukiipandisha hivyo kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, atakayeshinda ni mwenye bei ya chini ya mashine, na gharama za vijiti tunakuja kuzikuta baadaye. Mhandisi, ungeandika nini badala yake?

Mleta mada

Swali lako ndilo nililolitamani tangu mwanzo. Ningeeleza kazi badala ya jina: kifaa kiweze kuvunja mawe ya aina zote, magumu na laini, kupitia nefroskopu tulizo nazo, na vipimo vya mifereji ya nefroskopu hizo viandikwe kwa milimita, maana nimeshuhudia kijiti kipya kisichoingia kwenye kamera ya zamani. Kiwe na mfumo wa kufyonza unaodhibitiwa kutoka kwenye mashine yenyewe, au kama hakina, mzabuni aeleze kitafanya kazi na mashine ipi ya kufyonza. Kifanye kazi kwa volti 230 na hezi 50. Kama kinatumia hewa, ieleweke kama ni ya bomba la ukutani au ya mtungi, na viunganishi vije navyo. Kiwe kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kisha ndiyo sehemu ya fedha. Mzabuni atoe bei ya mashine pamoja na bei ya kila kinachotumika kwa idadi ya wagonjwa ambayo hospitali inakadiria kwa miaka mitano, na ulinganisho ufanywe kwa jumla hiyo. Kwa kila kijiti kinachorudiwa aandike idadi ya mizunguko ya utakasaji inayothibitishwa na mtengenezaji. Mpini ndio moyo wa mashine za ultrasaundi na ndio unaokufa kwanza ukiangushwa sakafuni, kwa hiyo ningetaka mipini miwili tangu siku ya kwanza na ahadi ya maandishi ya kuazimwa mwingine wakati mbovu unapopelekwa nje kutengenezwa. Mafunzo yawe ya madaktari, wauguzi na mafundi, na kwa mafundi yajumuishe kufungua mashine na kusoma michoro yake, tofauti na yale ya kuonyeshwa swichi ya kuwashia kisha kupewa cheti. Tuna vijana wanaohitimu uhandisi wa vifaa tiba pale DIT (Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam) ambao wanaziweza kazi hizi wakipewa vitabu vya matengenezo, na wauzaji wengi huvificha.

Daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo

Nimeridhika na hoja ya kufyonza, na kwa jiwe la matawi lenye maambukizi nitachagua mashine ya mchanganyiko na ala ya upana wa kawaida, hata nikiwa na leza mezani. Bado naamini hospitali yenye wagonjwa wa aina zote ianze na leza. Napendekeza tuache kubishana kwa kumbukumbu. Kila kituo kiandike kwa kila mgonjwa: ukubwa wa jiwe na namba zake za Hounsfield, upana wa ala, kifaa kilichotumika, muda kuanzia jiwe linapoguswa hadi daktari anaposema figo ni safi, homa baada ya upasuaji, na CT scan ya dozi ndogo baadaye kuthibitisha kama kweli ilikuwa safi. Jicho la kamera hudanganya, nami nimeona vipande kwenye CT vya figo ambayo kila mtu chumbani aliamini haina kitu.

Mleta mada

Nimeipokea, Daktari. Nitaandaa fomu ya ukurasa mmoja yenye safu hizo, na nitaongeza tatu za upande wangu: idadi ya mara kijiti kilipoziba, dakika zilizopotea kwa hitilafu ya mashine, na gharama ya vilivyotupwa baada ya upasuaji. Muuguzi, naomba unisaidie kupanga sehemu ya usafishaji ili ijazwe na anayesafisha mwenyewe, wakati ule ule. Rasimu nitaiweka hapa hapa kwenye uzi, bila jina la mgonjwa wala la hospitali, ili vituo vya Dar es Salaam na mikoani vitakavyotaka kuitumia vijaze kwa namna moja.